Kikao Kinachotangulia Bodi

Ndugu zangu, mwanzoni mwa Novemba 2004 viongozi wa kampuni tatu za simu za serikali ya China walibadilishana viti. Wang Jianzhou alitoka China Unicom akaenda China Mobile. Wang Xiaochu akatoka China Mobile kwenda China Telecom, na Chang Xiaobing akatoka China Telecom kwenda Unicom. Kampuni hizi zilikuwa zikigombania wateja wale wale, na hisa zao ziliuzwa Hong Kong na New York. Mtu aliyekuwa anapanga namna ya kumshinda jirani sasa anakalia kiti cha jirani huyo huyo, na siri zote anazo kichwani! Mwanahisa wa New York hakuulizwa. Bodi zilipitisha tu jambo lililokwisha kuamuliwa.

Limeamuliwa na nani? Wengi hutaja SASAC, tume iliyoundwa 2003 kushika hisa za serikali kuu. Ni kweli, lakini wakuu wa kampuni zenye uzito zaidi huteuliwa na Chama cha Kikomunisti, kupitia Idara yake ya Oganaizesheni. Wazee mliomo humu mnakumbuka "chama kushika hatamu" na matawi ya chama mahali pa kazi. Kule hatamu hazijaachiwa. Mwaka 2017 katiba ya chama ilirekebishwa, ikaandikwa wazi kwamba kamati ya chama ndani ya kampuni ya umma ndiyo inayotoa mwelekeo. Jambo kubwa hujadiliwa kwanza na kamati hiyo, ndipo lipelekwe kwenye bodi. Na kwa kawaida mwenyekiti wa bodi ndiye katibu wa chama, kwa hiyo anajipelekea mwenyewe.

Mimi sioni kwamba bodi hizo ni maigizo matupu. Hesabu zinakaguliwa na maswali yanaulizwa. Ila mwenye hisa chache anayedhani kura yake inagusa uteuzi wa mkuu wa kampuni amedanganyika, na inaniuma kuona tunafundisha somo la uongozi wa kampuni kana kwamba bodi ndiyo mwisho wa safari.

Haya yanatugusa hata sisi: reli ya Mombasa hadi Nairobi ilijengwa na CRBC, kampuni ya ujenzi ya China. CRBC ni kampuni tanzu ya CCCC, kampuni kubwa zaidi ya ujenzi, na CCCC iko chini ya SASAC. Kwenye mkataba mnaona jina moja na muhuri mmoja. Ninyi mnaosomea sheria, siku mkiitwa kwenye meza kama ile, ulizeni katibu wa chama ni nani, na kamati yake ilikaa lini.