Familia Tatu, Moto Mmoja: Kwa Magari-nyumba Hadi Yellowstone

Mama Salma: Karibuni tena, wasikilizaji wetu. Mimi Mama Salma, niko na mwenzangu Baba Neema, na leo tunaizungumza ile safari ambayo wengi mmeiulizia: familia tatu za marafiki, magari-nyumba matatu ya kukodi, yale yenye vitanda, jiko na choo ndani, kutoka Minneapolis, jimbo la Minnesota, mpaka hifadhi ya taifa ya Yellowstone kule Wyoming.

Baba Neema: Na gari lako dogo nyuma. Usilisahau, lilitubeba.

Mama Salma: Lilitubeba kweli. Basi tuanzie hapo, maana ni ushauri wa kwanza kwa wanaokwenda kundi: chukueni na gari dogo moja. Gari-nyumba ukishaliegesha, ukaunganisha umeme, maji na mpira wa majitaka, ukalisawazisha kwa vibao chini ya matairi, hutaki kuvunja kambi nzima asubuhi kwa sababu maziwa ya mtoto yameisha.

Baba Neema: Na ndani ya hifadhi ndiyo kabisa. Pale Grand Prismatic, ile chemchemi kubwa ya maji moto, maegesho ni finyu, na mchana wa Julai gari la mita 9 halipati hata pa kugeuzia. Magari-nyumba tuliyaacha kiwanjani, watu wakaenda na gari dogo kwa zamu.

Mama Salma: Haya, sasa kabla hatujafika huko, wengi wameuliza kwa nini tusiende hotelini. Hoteli tunazijua. Mkishakula, kila familia na mlango wake, watoto wanainamia simu, mnaonana tena kwenye chai ya asubuhi.

Baba Neema: Mimi nitalisema hili bila kuzunguka. Huku tunakoishi, hata rafiki wa kufa na kuzikana unamwona kwa miadi. Arusi, msiba, Idi, Krismasi, basi. Mtu anafanya kazi usiku, mwenzake mchana, watoto wana mpira Jumamosi. Mimi nilitaka jioni. Jioni ambazo hakuna anayetazama saa kwa sababu kesho ana zamu ya saa kumi na mbili.

Mama Salma: Ndiyo maana mimi na wewe tuligombana juu ya ratiba.

Baba Neema: Tuligombana, na bado sijakubali! Kutoka Minneapolis hadi Rapid City, kule magharibi mwa South Dakota, ni karibu maili 600, barabara kuu I-90, imenyooka, tambarare tupu. Kwa gari la kawaida hiyo ni siku moja.

Mama Salma: Kwa gari la kawaida. Hili ni refu, ubavu wake mpana, na upepo wa South Dakota unalisukuma kutoka pembeni muda wote. Dereva akifika usiku mikono inamuuma, watoto wamelala, mvua inanyesha, na bado atafute tundu la umeme gizani. Jioni uliyoifuata umeipoteza. Kanuni yangu ilikuwa saa kumi alasiri magurudumu yasimame. Tukilala njiani mara moja, tulale.

Baba Neema: Tukalala kando ya mto Missouri, pale Chamberlain. Nakiri palikuwa pazuri.

Mama Salma: Asante. Sasa waeleze watu gharama, wewe ndiye mshika hesabu.

Baba Neema: Mafuta kwanza. Haya magari ya kati, yale yenye kitanda juu ya dereva, yanakwenda maili 8 hadi 10 kwa galoni. Kwenda na kurudi ni kama maili 2,000, kwa hiyo weka akilini galoni 200 mpaka 250 kwa kila gari, na hapo mizunguko ya ndani ya hifadhi haimo. Pili, soma mkataba wa kukodi. Makampuni mengi yanakupa maili kadhaa kwa siku na kukutoza kila maili ya ziada, na jenereta nayo hutozwa kwa saa. Leseni ya kawaida inatosha katika majimbo mengi, mradi gari halizidi pauni 26,000, na haya ya kukodi hayafiki huko.

Mama Salma: Na kama una mtoto wa darasa la nne, kuna pasi ya bure ya hifadhi za taifa kwa watoto wa darasa hilo wanaoishi Marekani. Inamwingiza yeye na wote mlio naye ndani ya gari. Salma alitembea kifua mbele siku nzima kwa sababu yeye ndiye aliyetuingiza.

Baba Neema: Kati yetu fedha tuliiweka hivi: kila familia inalipa gari lake na mafuta yake, chakula cha jioni ni cha wote na kinapikwa kwa zamu. Hakuna daftari la nani kanunua nyanya. Nimeona urafiki ukivunjika kwa risiti ya nyanya.

Mama Salma: Nyama tuliibeba kutoka Minneapolis, imegandishwa, kwa sababu ya halali. Huko mbele tusingetegemea kuipata. Maharage niliyachemsha nyumbani nikayagawa kwenye mifuko. Unga wa sembe, mchele, viungo vya pilau. Sasa sikilizeni: friji nyingi za magari haya zinatumia gesi au umeme, na zile za gesi zinataka gari lisimame sawasawa. Likiinama upande, friji haipozi vizuri. Vile vibao vya kusawazisha ndivyo vilivyolinda nyama yangu.

Baba Neema: Kuni je?

Mama Salma: Kuni nunueni mnakokwenda kuziwasha. Ukizibeba kutoka Minnesota unabeba na wadudu waharibifu wa miti, na kuna majimbo yanakataza.

Baba Neema: Ngoja nigusie choo, maana hakuna anayependa kukisema. Gari lina tangi la maji safi, tangi la maji ya kuogea na kuoshea vyombo, na tangi la choo. Kwenye kituo cha kumwagia, unafungua la choo kwanza, kisha lile la maji ya kuoshea, ili yausafishe mpira. Vaa glavu. Na kila familia iwe na watu wazima wawili wanaoijua kazi hiyo, isiwe ya baba mmoja safari nzima.

Mama Salma: Mume wangu anakushukuru.

Baba Neema: Watoto sasa. Walikuwa wanahama kila tunaposimama, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Raha yao hasa ilikuwa hiyo. Lakini mambo mawili hatukuyalegeza: gari likitembea kila mtu amefunga mkanda, hata kama choo kiko hatua tatu nyuma yake, na hatuondoki mpaka kila dereva ataje kwenye redio ya mkononi majina ya watoto alionao. Majina, siyo idadi.

Mama Salma: Tuseme Black Hills, ile milima ya karibu na Rapid City.

Baba Neema: Tuseme. Mnapofika Mount Rushmore, zile sura nne za marais zilizochongwa kati ya 1927 na 1941, watoto wanauliza nani alichonga. Mimi nikawaambia waulize pia mlima ulikuwa wa nani. Mkataba wa Fort Laramie wa 1868 uliitambua Black Hills kuwa ya Walakota, wenyeji wa asili wa kule. Ikaonekana dhahabu 1874, na 1877 serikali ikaichukua. Mwaka 1980 Mahakama ya Juu ya Marekani ikathibitisha kwamba wanastahili kulipwa, zaidi ya dola milioni 100. Walakota wakazikataa. Wanataka ardhi yao.

Mama Salma: Neema akauliza, kwa nini wakatae pesa nyingi hivyo? Na yule kijana wa familia ya tatu akamjibu: kaburi la babu yako ungeliuza? Sote tukanyamaza. Hakuna aliyemfundisha. Nilifurahi sana kwamba swali lile liliulizwa mbele yetu sote, na jibu likatoka kwa mtoto mwenzake.

Baba Neema: Kutoka hapo kuna safu ya milima ya Bighorn, na hapa madereva nisikilizeni vizuri. Kuna njia tatu za kuivuka. Ile barabara ya 14A ina miteremko ya asilimia 10. Kwa gari-nyumba msiiguse. Sisi tulipita ya 16, kutoka Buffalo kushukia Ten Sleep. Inapanda hadi karibu mita 2,950, lakini mteremko wake unavumilika. Waliowahi kushuka Kitonga wanajua: ukikanyaga breki muda wote zinachemka na mwisho hazishiki. Teremka na gia ndogo, injini ikushikilie, breki uigonge kidogo na kuiachia. Mkiona foleni nyuma yenu, ingieni kwenye maegesho ya pembeni, waacheni wapite.

Mama Salma: Na ndani ya Yellowstone tulikaa Fishing Bridge. Ndiyo kambi pekee ya hifadhi yenye umeme, maji na majitaka papo hapo, na mahema hayaruhusiwi, kwa sababu ni eneo la dubu wakubwa wa kahawia. Lazima uwe na gari lenye kuta ngumu. Nafasi zake hugombewa, kwa hiyo shikeni mapema mno.

Baba Neema: Na chakula kisibaki nje. Mkeka sawa, viti sawa, lakini sufuria, jiko na sanduku la barafu vinarudi ndani mkimaliza.

Mama Salma: Nyati wa kule ndio walioniteka. Bonde la Hayden, jua linashuka, kundi linavuka barabara, magari yote yamezimwa. Mwaka 1902 hifadhi nzima ilikuwa imebakiwa na nyati kama dazeni mbili tu, kwa sababu ya kuwindwa. Leo ni maelfu. Unamwangalia ndama pembeni ya mama yake, unajua kwamba angeweza asiwepo kabisa. Sikuweza kuzungumza.

Baba Neema: Umbali lakini.

Mama Salma: Mita 23 kutoka kwa nyati, mita 91 kutoka kwa dubu na mbwamwitu. Nyati anaonekana mzito, ila anakimbia kilomita 55 kwa saa. Na kwenye chemchemi za moto hakuna kutoka nje ya njia ya mbao. Ardhi ni ganda jembamba, chini maji yanachemka. Wadogo tuliwashika mikono, bila mjadala.

Baba Neema: Old Faithful, ile chemchemi inayorusha maji moto juu, wataona wenyewe. Pale kituoni huandikwa saa ya kutarajia mlipuko, na walinzi wanaikisia kwa kupima mlipuko uliotangulia ulidumu muda gani. Fikeni mapema, kaeni.

Mama Salma: Blanketi mbebe hata kama ni Julai. Ziwa liko zaidi ya mita 2,300, usiku ni baridi kali.

Baba Neema: Sasa nina swali langu mwenyewe, Mama Salma. Mama yangu anakuja kutoka Tanga mwakani. Ana miaka sabini na kitu, magoti yanamsumbua. Watu wananiambia nimwache nyumbani na mtu wa kumwangalia.

Mama Salma: Umwache? Kwa nini? Kitanda cha juu ya dereva wape watoto. Yeye mpe kile cha nyuma, kisicho na ngazi, karibu na choo. Safari ya aina hii inamfaa mzee kuliko basi au ndege: akichoka analala kwake, akitaka chai anachemshiwa njiani pale pale mnaposimama. Nunua kigoda imara cha kupandia mlangoni. Muulize daktari kuhusu ule mwinuko wa kule milimani, kama ana presha. Na mwendo uwe mfupi zaidi ya ule wetu.

Baba Neema: Mfupi zaidi? Tutalala Chamberlain mara mbili?

Mama Salma: Hata mara tatu. Pilau yake tunaijua, zamu ya kwanza ya kupika ni yake, akitaka.

Baba Neema: Atataka. Basi nampigia leo, kule sasa ni usiku, atakuwa hajalala. Kiwanja cha Fishing Bridge nashika cha kwetu, na chako je?

Mama Salma: Shika na changu. Kiwe jirani.