Kuandaa baiskeli ya kuzunguka milima ya Rwanda bila gari la msaada

Mambo vipi wadau, leo tunaandaa baiskeli ya kuzunguka Rwanda, na tunajitegemea kabisa, hakuna gari linalotufuata wala mshkaji anayesubiri mbele na chakula, kitu ama umekibeba ama umekinunua dukani kama mtu mwingine yeyote.

Tuanze na gia. Cheki hapa, spoketi kubwa ya nyuma iwe na meno mengi kuliko ya mbele, mimi nimeweka 42 nyuma na 32 mbele, maana Rwanda ukimaliza mlima mmoja unaanza mwingine na mzigo unao, ukija na gia za kukimbizia tambarare magoti yatakwisha mapema sana.

Sasa breki, hapa naomba tutulie. Watu wengi wanajiandaa kupanda, kushuka wanasahau. Toa gurudumu, chomoa breki pedi, itazame kwa ubavuni hivi: kuna bati, halafu kuna ile sehemu inayosugua disiki. Hiyo ikibaki chini ya milimita moja, tupa. Weka zile zenye chembe za chuma, matope yenye mchanga yanazila zile laini haraka mno, na pea ya akiba lazima. Ukisharudisha gurudumu binya breki mara kadhaa mpaka ikaze ndio upande. Mteremkoni usiing'ang'anie muda wote, binya, achia, binya tena, disiki ipoe.

Mzigo: spana, tyubu na pampu chini kwenye fremu, nguo nyuma ya siti. Koti la mvua na glavu viwe juu kabisa! Pale Nyungwe, kati ya Kitabi na Gisakura, barabara inafika zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari ndani ya msitu, mvua yake ni ya baridi, na vidole vikifa ganzi huwezi kubinya breki hata ziwe mpya vipi. Kwa hiyo simama kileleni, vaa ukiwa bado una joto, ndio ushuke. Maji na msosi jaza kabla ya kuingia msituni.

Halafu angalia kalenda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii, maduka yanafungwa mpaka saa tano asubuhi, chapati na ndizi nunua Ijumaa jioni. Na sisi tuliozoea kushoto, Rwanda wanaendesha kulia, ukitoka tu kwenye duka la kijijini angalia umeingia upande gani.