Programu Ziongee Lugha Moja

Mabibi na mabwana, siku hizi unaiomba akili unde ikutengenezee programu ya kuandika matumizi yako, na dakika chache baadaye unayo. Wiki ijayo unaomba ya kukumbusha miadi, kisha ya kutunza namba za simu. Kila moja yafanya kazi vizuri, ila hazijuani. Kila moja ilizaliwa katika mazungumzo yake.

Zangu ziligombana kwa tarehe. Ya matumizi iliandika 03/04, yaani 3 Aprili; ya kalenda ikasoma 4 Machi. Wala hakuna iliyolalamika! Programu ikikwama nitaiona, lakini ikikosea kimya kimya nitaiamini. Ugomvi huu ulishapatiwa dawa na kanuni ya kimataifa ya kuandika tarehe, ISO 8601 ya mwaka 1988: mwaka kwanza, kisha mwezi, kisha siku. Akili unde inaijua fika. Mimi ndiye sikuiambia.

Kisha nikajaribu kuziunganisha mbili mbili. Programu tatu zina viungo vitatu. Kumi zina 45. Ukibadilisha moja tu, viungo vyake vyote viko mashakani.

Waliotutangulia walilipitia hili. Mwaka 1973 mtaalamu wa kompyuta Ken Thompson alitia kwenye Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, kile kinachoitwa bomba, wazo ambalo mwenzake Doug McIlroy aliliandika tangu 1964: kinachotoka kwenye programu hii kinaingia kwenye ile. Liliwezekana kwa kuwa programu zile zilipokea na kutoa maandishi ya kawaida. Hazikuhitaji kujuana, zilihitaji kukijua kinachopita kati yao.

Kwa hiyo sasa naanza na data. Nina folda moja yenye faili la makubaliano: tarehe huandikwaje, sarafu hutajwa wapi, na kila mtu ana kitambulisho kisichobadilika hata akibadili namba ya simu. Makubaliano hayo nayabandika mwanzoni mwa kila ombi. Tena kila faili la data lina programu moja tu yenye ruhusa ya kuliandika. Nyingine husoma tu. Miadi naihifadhi kwa iCalendar, muundo wa faili za kalenda uliopo tangu 1998. (Ukiiachia akili unde, itakubunia wake, mpya kila mara.)

Juzi nimeifuta ile programu ya matumizi, nikaomba nyingine. Ilisoma rekodi zote za zamani. Ya kalenda haikugundua hata kwamba mwenzake kabadilishwa.