Tumbawe Halili Wali

Naona wengine mnatabasamu kabla sijaanza. Sisi tunaotafuta dawa kwa kuvu waishio ndani ya matumbawe, nalirudia neno langu hata hivyo: kuvu wa chupani si yule aliyekuwa ndani ya tumbawe, ijapokuwa ni huyohuyo.

Kisa cha Brotzu mnakijua. Mwaka 1945, Cagliari, huko Sardinia, Giuseppe Brotzu alichota maji ya bahari pale majitaka yanapomwagikia, akapata kuvu anayezuia bakteria. Kuvu akapelekwa Oxford, kwa wanakemia Edward Abraham na Guy Newton. Hapa ndipo watu wanaposimulia harakaharaka. Sefalosporini C, mama wa dawa zote za sefalosporini zinazoua bakteria, haikuwa ndiyo iliyokuwa ikitafutwa. Walikuwa wakisafisha penisilini N, dutu nyingine ya kuvu huyohuyo, na sefalosporini C ikajitokeza kama uchafu, kidogo tu. Kuvu mmoja, vitu vitatu au zaidi, na chenye maana kilikuwa kile kilichokaribia kumwagwa!

Kuna atakayesema, “Mwalimu, huyo ni kuvu wa majitaka, si wa bahari.” Haswa! Na wa kwako unajuaje si mbegu iliyopeperushwa kutoka nchi kavu? Umeosha kipande cha tumbawe kwa maji ya bahari yaliyochemshwa, ukakipitisha kwenye spiriti. Vizuri. Je, ulikigandamiza kwanza kwenye sahani tupu ya kuoteshea, ukangoja? Kikiota kitu kwenye alama ile, hukuosha. Hatua hiyo inarukwa sana, nami nimechoka kuiuliza.

Halafu kuvu huyo tunamlisha nini chupani? Mchele uliolowekwa maji ya chumvi, majuma kadhaa. Tumbawe halili wali, jamani. Badili chumvi, badili mwanga, mweke na bakteria jirani, atatengeneza vitu vingine kabisa. Jeni nyingi za kazi hiyo hulala mpaka ziamshwe.

Mfano mmoja. Cochliobolus lunatus, aliyetolewa kwenye tumbawe laini Dichotella gemmacea la Bahari ya Kusini ya China, hutoa kokliomaisini A, kemikali inayozuia viluwiluwi vya wale viumbe wenye magamba wanaogandia matako ya vyombo vya baharini. Inavutia. Lakini umeipima ndani ya tumbawe lenyewe, au kwenye chupa tu?

Nilitaka pia kumtaja Aspergillus sydowii, anayeyaambukiza ugonjwa matumbawe ya feni kule Karibi, ili msidhani kila kuvu ni mgeni mwema. Mwenyekiti ananionyesha saa. Basi, ulizeni, wa sahani tupu aanze.