Sita Bila, Sita Mbili: Kusoma Matokeo ya Vijana wa Tenisi wa Marekani

(Mhadhara kwa wazazi wa Afrika Mashariki wanaoishi Maryland, umeandikwa kama ulivyotolewa)

Shikamooni wazee wetu, na habari za jioni wazazi wenzangu. Wenyeji wetu wamenipa muda mfupi, kwa hiyo sitazunguka.

Septemba 2017, New York, fainali ya wasichana ya US Open upande wa vijana. Amanda Anisimova, binti wa miaka 16, anamchapa Coco Gauff 6-0, 6-2. Anayeyaona matokeo hayo asubuhi yake atajiuliza huyu aliyechapwa alifikaje fainali, maana seti nzima ya kwanza hakuambulia hata gemu moja. Kumbe Coco alikuwa na miaka 13. Mashindano yale yanachezwa na vijana hadi wa miaka 18, na hakuna msichana aliyewahi kufika fainali yake akiwa mdogo kuliko yeye.

Ninachotaka kuwashawishi leo ni hiki: matokeo ya kijana yasomwe kuanzia kwenye umri, kisha umtazame aliyekuwa ng'ambo ya wavu, kombe lije mwisho. Sisi wazazi tunaanza na kombe. Tunalipiga picha, tunalituma kwenye kundi la ukoo, shangazi wa Morogoro anajibu kwa mikono ya kupiga makofi, basi imekwisha.

Tubaki na mwaka huo wa 2017, maana ulikuwa wa ajabu. Roland Garros, kule Paris, fainali ya wasichana ni Wamarekani watupu: Whitney Osuigwe anamshinda Claire Liu. Wimbledon, Wamarekani watupu tena: Claire Liu anamshinda Ann Li. New York ndiyo hiyo ya Anisimova na Coco. Fainali tatu mfululizo za Grand Slam, yaani yale mashindano manne makubwa kuliko yote (Australia, Roland Garros, Wimbledon na US Open), mabinti watano, wote wa nchi moja. Osuigwe, ambaye baba yake alitoka Nigeria na ni kocha kwenye akademia ya IMG kule Bradenton, Florida, alikuwa Mmarekani wa kwanza kutwaa taji la wasichana Paris tangu Jennifer Capriati mwaka 1989. Mwisho wa mwaka akatangazwa bingwa wa dunia wa vijana.

Mngeniuliza mwaka ule tuweke pesa kwa nani, kwa kufuata makombe ningewaambia Osuigwe. Nafasi yake ya juu kabisa kwenye orodha ya wanawake ilikuja kuwa 105, mwaka 2019. Msinielewe vibaya, kuwa mtu wa 105 duniani katika kazi yoyote ni jambo zito, na mimi katika kazi yangu sijui kama nimo hata kwenye laki. Lakini mabinti wawili waliosogea mbali zaidi ni wale wa fainali ya New York. Na kati yao, aliyechukua Grand Slam ya wakubwa ni yule aliyetoka uwanjani na 6-0, 6-2: US Open mwaka 2023, kisha Roland Garros 2025, na mara zote mbili aliyefungwa fainali ni Aryna Sabalenka.

Sasa tazameni jinsi Coco alivyopanda kati ya miaka 13 na 15. Juni 2018, Paris, fainali ya vijana dhidi ya Caty McNally wa Ohio, aliyemzidi kama miaka miwili na ushee. Seti ya kwanza anapoteza 6-1. Ya pili anachukua 6-3. Ya tatu inakwenda taibreki, yaani gemu ya kuamua seti iliyofungana sita kwa sita, na taibreki anaibeba kwa pointi 7-1. Hapo pana mambo mawili ya kutazama. Mtoto wa miaka 14 amepigwa seti ya kwanza vibaya na hakuanguka. Na ilipofika sehemu ngumu kuliko zote, alimpa mwenzake pointi moja tu. Kwangu mimi pointi hizo nane zinasema mengi kuliko kombe. Mwaka mmoja baadaye, akiwa na miaka 15, alipita raundi za mchujo Wimbledon ya wakubwa na kumtoa Venus Williams 6-4, 6-4, akaenda hadi raundi ya nne. Na yule McNally aliyefungwa na Coco kule Paris akawa mwenzake wa kucheza wawili wawili. Kiangazi hicho hicho walibeba kombe la Washington, hapa jirani kabisa.

Najua mtu ataniambia: basi ukiwa mdogo kuliko wenzako umemaliza. Hapana. CiCi Bellis wa California alikuwa na miaka 15 aliposhinda ubingwa wa taifa wa wasichana wa chini ya miaka 18, mwaka 2014. Zawadi ya ubingwa huo ni nafasi ya moja kwa moja kwenye US Open ya wakubwa. Akaenda, na mechi ya kwanza akamtoa Dominika Cibulkova, ambaye Januari ya mwaka huo alikuwa amecheza fainali ya Australia. Mwaka huo Bellis akawa bingwa wa dunia wa vijana. Baadaye alifika nambari 35 kwa wakubwa, kisha mkono ukaanza kumsumbua, upasuaji mmoja ukazaa mwingine, na Januari 2022 akatangaza kuacha akiwa na miaka 22. Donald Young naye alitwaa ubingwa wa vijana wa Australia mwaka 2005 akiwa na miaka 15, akaongoza orodha ya vijana ya dunia, na watu wakamkabidhi mzigo wa kuwa mrithi wa Andy Roddick, Mmarekani aliyewahi kuwa nambari moja duniani. Aliishia nambari 38. Umri unakuambia mtoto yuko mbele ya saa yake kwa kiasi gani. Bega na kifundo cha mkono vina ratiba yao, wala havitoi taarifa mapema.

Kwa wavulana nitawapa mfano wa karibu nasi, kwa sababu wengine hapa mnapita nje ya jengo lile kila siku mkienda kazini. Kituo cha tenisi cha College Park. Constant Tiafoe, mhamiaji kutoka Sierra Leone, alikuwa kibarua kwenye ujenzi wake mwaka 1999. Jengo lilipokwisha wakamwajiri kulitunza, wakampa na chumba humo ndani. Mkewe Alphina alikuwa muuguzi wa zamu za usiku, kwa hiyo siku nyingi za wiki watoto wao mapacha, Frances na Franklin, walilala palepale na baba, kwenye chumba cha mtunza jengo, kuta chache kutoka viwanjani. Wenzao walilipiwa masomo ya tenisi. Wao walitazama, wakaokota mipira, wakapiga ukuta.

Desemba 2013 Frances alishinda Orange Bowl ya chini ya miaka 18, kule Florida. Ni mashindano yaliyoanza mwaka 1947, na bingwa hupigwa picha na bakuli lililojaa machungwa. Alikuwa na miaka 15, bingwa mdogo kuliko wavulana wote waliowahi kulitwaa. Fainali alimshinda Stefan Kozlov, mwenye miaka 15 pia. Kozlov huyo miezi saba baadaye alikuwa kwenye fainali ya vijana ya Wimbledon dhidi ya Noah Rubin wa New York, na Rubin akashinda. Fainali ya Wimbledon, Wamarekani wawili, nchi nzima ikishangilia. Rubin hakuvuka nambari 125, Kozlov akaishia 103. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuingia mia bora.

Mwaka uliofuata, 2015, likaja rika jingine. Paris, Tommy Paul anamshinda Taylor Fritz kwenye fainali ya wavulana. Wimbledon anachukua Reilly Opelka. New York, Fritz anamlipiza Paul. Safari hii mambo yalikwenda tofauti: Fritz amefika nambari 4 duniani na fainali ya US Open 2024, Paul nambari 8, Opelka nambari 17, na Tiafoe wa kwetu nambari 10, na nusu fainali za New York mwaka 2022 na 2024. Mimi nadhani siri yao ilikuwa rika lenyewe. Kila wiki kijana alikutana na mwenzake ambaye wiki iliyopita alimfunga, na nyumbani hapakuwa na mahali pa kupumzikia. Haya ni maoni yangu, siwezi kuyathibitisha kwa mizani. Lakini mzazi anayemkimbiza mtoto kwenye mashindano mepesi ili asikutane na wakali, mimi simwelewi.

Na mashindano mepesi yapo tele. Mashindano ya vijana ya shirikisho la dunia, ITF, yamepangwa kwa madaraja kuanzia J30 hadi J500, na Grand Slam za vijana ziko juu ya hayo yote. Orodha ya ubora inahesabu matokeo sita bora ya mchezaji, pamoja na sehemu ya matokeo yake ya wawili wawili. Kwa hiyo familia yenye uwezo wa nauli inaweza kuzunguka nchi ambazo droo zake, yaani wachezaji waliopangwa kukutana, ni dhaifu na kuokota pointi. Kijana anarudi ana namba nzuri, na hajapigwa sevu moja ya kumtisha. Makocha wa vyuo vya hapa wanalijua hilo, ndiyo maana wanatazama zaidi kipimo cha UTR, kinachohesabu uzito wa mpinzani na idadi ya gemu ulizopata. Kwa kipimo hicho unaweza kufungwa 6-4, 6-4 na mtu mkali na namba yako ikapanda. Mtoto wako akirudi na matokeo hayo ukamnunia garini njia nzima, umemwonea.

Nimtaje Taylor Townsend kidogo, maana habari yake inaniuma kama mzazi. Mwaka 2012 alikuwa bingwa wa vijana wa Australia na nambari moja duniani kwa wasichana. Mwaka huohuo chama cha tenisi cha nchi kilikataa kumgharimia kwenda US Open ya vijana, kikitaka kwanza ashughulikie hali ya mwili wake. Nambari moja duniani, jamani! Mama yake akalipa. Leo Townsend ana mtoto wake mwenyewe, ana taji la Wimbledon la wawili wawili la 2024, na Julai 2025 alikuwa nambari moja duniani katika wawili wawili.

Kuna waliokwepa njia hii yote. Richard Williams aliwatoa Venus na Serena kwenye mashindano ya vijana wakiwa bado wadogo, na hawakurudi. Mkitaka kumuiga, mkumbuke kwamba kila mmoja wa mabinti hao alikuwa na mpinzani mkali kuliko wote waliokuwa kwenye droo, naye ni dada yake, aliyelala naye nyumba moja.

Sasa, mzee pale mbele ameniuliza kuhusu chuo: je, kijana akienda chuo ndoto ya kucheza kwa kulipwa imekufa? Zamani ningesita. Leo nitazame nani? Emma Navarro alifungwa fainali ya vijana ya Paris mwaka 2019, akaenda chuo cha Virginia, akawa bingwa wa vyuo 2021, na mwaka 2024 alikuwa nusu fainali ya US Open. Ben Shelton alikuwa bingwa wa vyuo 2022 akichezea Florida, chini ya baba yake, na mwaka uliofuata naye akafika nusu fainali New York. Samir Banerjee alishinda Wimbledon ya vijana 2021, kisha akachagua Stanford. Hata kwetu, Angella Okutoyi wa Nairobi, baada ya kushinda Wimbledon ya wasichana wawili wawili mwaka 2022, alikwenda Auburn, Alabama. Kwenye fainali hiyo, mmoja wa waliofungwa alikuwa Victoria Mboko, binti wa wazazi wa Kikongo, mzaliwa wa North Carolina anayechezea Kanada. Agosti 2025 Mboko alikuwa bingwa wa Montreal, na njiani alimtoa Coco Gauff.

Halafu kuna Learner Tien, kijana wa California ambaye wazazi wake wana asili ya Vietnam. Mama yake ni mwalimu, na jina lile ndiko lilikotoka. Alishinda ubingwa wa taifa wa wavulana kule Kalamazoo, Michigan, mara mbili mfululizo, 2022 na 2023. Mwaka 2023 alicheza fainali mbili za Grand Slam za vijana na kufungwa zote: Australia na Alexander Blockx wa Ubelgiji, New York na João Fonseca wa Brazil. Kwenye US Open ya wakubwa mwaka huo, nafasi aliyopewa kwa ubingwa wa Kalamazoo ilimkutanisha raundi ya kwanza na nani? Frances Tiafoe. Akachapwa seti tatu bila. Chuoni, USC (Chuo Kikuu cha Kusini mwa California), alikaa muhula mmoja tu. Januari 2025 alimtoa Daniil Medvedev pale Melbourne, seti tano, mechi ikiisha karibu saa tisa usiku, na Desemba ya mwaka huo akatwaa Next Gen ATP Finals, mashindano ya vijana bora wa kulipwa, kule Jeddah, Saudi Arabia. Aliyefungwa kwenye fainali hiyo ni Blockx yuleyule.

Kwa hiyo mzee, jibu langu ni kwamba chuo kinampa kijana miaka ya kukomaa bila kulipia makocha na ndege mwenyewe, na anayekuwa tayari mapema anaondoka mapema. Kalamazoo huchezwa Agosti, na mabinti huwa San Diego wakati uleule. Orange Bowl ni Desemba. Droo zote zinawekwa mtandaoni, na ukibofya jina la mchezaji utakuta mwaka wake wa kuzaliwa. Haya, mama mwenye kitenge cha njano, nimeuona mkono wako muda mrefu. Karibu.