Kabla Hujanunua Katana ya Kale Mtandaoni, Omba Picha Hizi

Wadau, karibuni. Niko Nagoya kama kawaida, na leo magari tunayaweka pembeni, tunaongelea katana, upanga wa samurai. Najua wengi mlijiunga kwa ajili ya magari, vumilieni kidogo. Tangu ile video ya makumbusho ya Tokugawa, ujumbe umekuwa uleule: "Kaka, nimeona katana ya kale mtandaoni, bei siyo mbaya, ina cheti, nichukue?" Wengi wanaoniandikia wako Muscat na Ulaya, na yupo mzee wangu wa Mombasa anayekusanya majambia, shikamoo mzee. Nikitumiwa picha za tangazo, natafuta kwanza ile ambayo muuzaji hakuiweka. Mara nyingi ubovu umejificha hapo.

Tuanze na hicho cheti, maana kinapoteza watu. Ukiagiza gari huku unapata karatasi ya mnada: gredi 4, gredi 3.5, R kama liliwahi kugongwa. Sasa mtu akiona karatasi ya Kijapani imeambatana na upanga anadhani ndiyo mambo yaleyale. Hapana. Ile inaitwa torokusho. Inatolewa na bodi ya elimu ya mkoa, na chini ya sheria ya silaha ya mwaka 1958 ndiyo inayoruhusu upanga kukaa nyumbani kwa mtu hapa Japani. Hiyo ni kama kadi ya gari tu. Inaandika urefu, mpindo, idadi ya matundu ya msumari wa mwanzi unaoshikilia mpini, na saini kama ipo. Haisemi saini ni ya kweli, wala haisemi kama chuma kimepasuka. Itumie kulinganisha: karatasi ikisema tundu moja na picha ikaonyesha mawili, muulize muuzaji karatasi hiyo ni ya upanga upi.

Karatasi za uhakiki ni nyingine. Zinazoaminika zaidi zinatoka NBTHK, chama cha kuhifadhi panga za Kijapani kilichoanzishwa 1948, wenye makumbusho pale Ryogoku, Tokyo. Ngazi zao, kuanzia ya chini, ni Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Hizo zinakuambia mhunzi ni nani au ni wa shule gani ya uhunzi. Lakini upanga ulikaguliwa siku ile ulipopelekwa. Ukikaa kabatini kwenye unyevu miaka thelathini baadaye, karatasi haishiki kutu, upanga unashika.

Sasa tulieni hapa, maana hapa ndipo pesa inapopotea. Mhunzi hupaka upanga udongo, mzito mgongoni, mwembamba kwenye makali, kisha huuchovya majini ukiwa mwekundu. Makali yanapoa ghafla yanakuwa magumu sana, mgongo unapoa taratibu unabaki na ulaini wake. Mpaka wa sehemu hizo mbili ndio ule mstari mweupe wa mawimbi, hamoni. Na chuma kigumu namna ile hakipindi, kinapasuka. Ufa unaoanzia kwenye makali na kupanda kuelekea mgongoni unaitwa hagire. Unaweza kuwa wa milimita chache, na picha ya simu iliyopigwa dirishani haiuoni kabisa. Dawa yake hakuna. Kwa wakusanyaji wengi upanga wenye hagire umekwisha, hata ukiwa na saini ya jina kubwa. Unaosamehewa ni ule wa kale sana na wa nadra.

Kwa hiyo omba makali yapigwe picha kwa karibu, kipande kwa kipande, toka kwenye ncha mpaka kwenye mpini, pande zote mbili, taa moja ikimulika kwa ubavu. Video ni bora zaidi, auzungushe polepole chini ya taa. Na kama upanga uliwahi kupinda ukanyooshwa, pale palipopinda pakaguliwe mara mbili.

Mipasuko inayofuata urefu wa upanga ni jambo jingine. Chuma hiki hukunjwa na kufuliwa mara nyingi, kwa hiyo maungio hufunguka kadiri kinavyonolewa. Hiyo inashusha bei, lakini haiui upanga. Mapengo kwenye makali vilevile: likiwa dogo na liko ndani ya hamoni, mnoaji anaweza kuliondoa. Likivuka hamoni, achana nalo. Ncha nayo ina hamoni yake inayozunguka na kurudi mgongoni. Ncha ikivunjika na kuchongwa upya mpaka ule mzunguko ukapotea, haurudi. Tangazo lenye picha ishirini na hakuna hata moja ya ncha kwa karibu, mimi nafunga ukurasa.

Picha nyingine ya lazima ni nakago, chuma kinachoingia ndani ya mpini. Mpini uvuliwe. Kutu ya pale inatakiwa iwe ya kahawia iliyoiva au nyeusi, imetulia, imeenea sawasawa. Haifutwi kamwe! Muuzaji akijisifu kwamba ameisafisha ikang'aa, ameshaharibu ushahidi wa umri. Kutu ya rangi ya chungwa nayo ni dalili kwamba chuma bado kinaliwa, au mtu ameizeesha kwa dawa. Saini usiiamini kwa uzuri wa herufi. Jina la Kotetsu, mhunzi maarufu wa zamani, lilighushiwa mno, na wengi walioghushi walikuwa wahunzi hodari. Ukikuta namba iliyogongwa kwenye upanga wenyewe, hiyo mara nyingi ni silaha ya kiwandani ya jeshi, ya Vita vya Pili vya Dunia. Nyingi zilibebwa na askari wa Marekani baada ya 1945, na leo zinauzwa kule kama za samurai.

Kuna ubovu mmoja picha haziuonyeshi kirahisi: upanga uliopita kwenye moto wa nyumba. Ugumu wa makali unapotea, kisha mtu anauchovya upya ili hamoni irudi. Huo ni saiha, na bei yake inaporomoka. Ila historia ina upendeleo wake. Ngome ya Osaka ilipoungua 1615, panga za ukoo wa Toyotomi ziliungua nayo, na Tokugawa Ieyasu, aliyewashinda, akamwagiza mhunzi Yasutsugu azichovye upya. Mmojawapo, Namazuo Toshiro, uko hapahapa Nagoya, na watu wanapanga foleni kuuona. Huo wa kwenye tangazo lako hauna hadithi hiyo, usilipe bei ya hadithi.

Ala, kikingio cha mkono, nyuzi za mpini, vyote vizuri kutazama. Vinabadilishwa, pita.

"Nitaunoa mwenyewe" nimeisoma mara nyingi kwenye maoni. Jamani, msiguse. Kunoa katana ni kazi ya togishi, fundi aliyesomea miaka mingi, foleni yake ni ndefu na gharama inaweza kuzidi bei uliyonunulia. Tena kila kunoa kunakula chuma. Mtazame ule mkato mdogo unaoanzia makali, juu tu ya mpini. Ukiwa umebaki kidogo sana, upanga umenolewa vizazi na vizazi, na ngozi ya chuma kizuri inakaribia kuisha.

Ukiridhika na yote hayo, upanga ulioko Japani hautoki bila kibali cha Wakala wa Utamaduni, na kibali kikitoka ile torokusho inarudishwa. Hesabu wiki kadhaa. Muuzaji anayesema atautuma kesho kama kifurushi cha kawaida, mkimbie. Upande wako, forodha ya nchi yako iulizwe kabla ya pesa kutoka, siyo upanga ukiwa bandarini. Na sera ya kurudisha mzigo isomwe pale ilipoandikwa kwa herufi ndogo: wengi wanaouza "kama ulivyo" hawarudishi hela hata hagire ionekane wazi.

Wenye picha za matangazo yenu, nitumieni, tutazipitia moja moja kwenye video ijayo. Nitaficha majina.