Vazi la Bartimayo

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu.

Niliombwa nizungumzie namna watu wanavyomjibu Mungu katika Injili. Nimechagua sura moja, Marko 10, kwa sababu humo Yesu anauliza swali lilelile mara mbili, na majibu yake ni mbingu na nchi.

Kwanza anawauliza Yakobo na Yohana, wana wa Zebedayo. Wako njiani kupanda Yerusalemu, na kwa mara ya tatu ametoka kuwaambia kwamba atatemewa mate, atapigwa mijeledi, atauawa. Hapo hapo wanamjia na ombi. "Mwataka niwafanyie nini?" Wanataka viti, mmoja kuume, mwingine kushoto. Tusiwadharau. Hawa walimwacha baba yao chomboni wakamfuata. Ila habari ya mateso imewapita masikioni bila kutua.

Kisha wanafika Yeriko. Kando ya njia ameketi kipofu anayeomba. Mathayo anataja vipofu wawili. Marko anamtaja mmoja na kutupa jina lake, Bartimayo, yaani mwana wa Timayo. Anapiga kelele, watu wanamkemea anyamaze, naye anazidi. Yesu anasimama. Walewale waliomkemea sasa wanamwambia, "Jipe moyo, inuka, anakuita."

Hapa naomba tukae kidogo. Marko anasema alitupa vazi lake, akaruka, akaenda. Vazi la maskini halikuwa kitu kidogo. Torati, katika Kutoka 22, inaamuru kwamba ukichukua vazi la mwenzio kuwa rehani, umrudishie kabla jua halijachwa, maana ndilo analojifunika usiku. Asipokuwa nalo atalalia nini? Na nyie mmewaona ombaomba wetu mjini, kitambaa kimetandazwa chini, sarafu zimekusanyika katikati. Mimi nadhani vazi la Bartimayo lilifanya kazi zote mbili.

Halafu yeye haoni. Babu yangu alipoteza macho uzeeni. Fimbo yake ilikaa nyuma ya mlango, upande wa kushoto, na mtoto aliyeisogeza alikiona cha mtema kuni. Asiyeona hatupi kitu ovyo, kwa sababu hana hakika ya kukipata tena. Bartimayo analitupa vazi katikati ya umati, na bado hajaponywa. Hajaahidiwa lolote. Ameitwa tu.

Ndipo anaulizwa, "Wataka nikufanyie nini?" Anajibu kwamba anataka apate kuona.

Katika sura hiyohiyo, mistari michache nyuma, yupo mtu mwingine aliyemjia Yesu mbio, akapiga magoti. Swali lake lilikuwa, "Nifanye nini?" Sikilizeni tofauti: nifanye nini, nikufanyie nini. Yesu akamkazia macho, akampenda. Marko hasemi hivyo juu ya mtu mwingine yeyote katika Injili yake, na kila nikisoma mstari huo moyo unaniuma, maana mtu aliyependwa hivyo ndiye aliyeondoka. Aliambiwa auze alivyo navyo, awape maskini, amfuate. Akakunja uso. Biblia yetu ya Kiswahili inasema "akaenda zake" kwa huzuni, kwa sababu alikuwa na mali nyingi.

Sasa mtazameni tena Bartimayo. Anapoponywa, Yesu anamwambia nini? "Enenda zako." Maneno yaleyale! Ana ruhusa ya kwenda atakako: kumtafuta Timayo, kuuona mji ambao ameketi langoni pake, kuliokota vazi lake na kutazama lina rangi gani.

Marko anamaliza kwa kusema akamfuata njiani. Kutoka Yeriko, ulioko chini ya usawa wa bahari, njia hiyo inapanda milima mikavu ya jangwa la Yudea hadi Yerusalemu, kule kwenye mate na mijeledi. Aliambiwa aende zake, naye akaihesabu njia hiyo kuwa ndiyo yake.